Mzee na Bahati

Hapana jambo lililowatatiza wanadamu kwa muda mrefu kama bahati. Mkulima apandaye mbegu hajui mvua itanyesha lini. Mvuvi atupaye wavu hajui samaki wamelala wapi. Mama achukuaye mimba hajui mtoto atakuwa mtu wa namna gani. Lugha yetu yenyewe imekiri utata huu kwa kutuachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema kuwa bahati ni chudi, yaani apataye hupata kwa juhudi yake. Ya pili yasema kuwa juhudi haiondoi kudura, yaani mtu hata ajitahidi vipi, lililokwisha andikwa halifutiki. Waliotutangulia hawakuchagua moja wakaitupa nyingine. Walishika moja katika mkono wa kulia na nyingine katika mkono wa kushoto, wakaenda nazo hivyo maisha yao yote.

Katika insha hii nataka kutazama hali ya mtu aliyeitupa methali ya kwanza akabaki na ya pili peke yake, tena katika umri ambao watu humtazamia kuwa na zote mbili. Mtu huyo ni mzee achezaye kamari. Sitauliza kama kamari ni mbaya, kwa kuwa swali hilo limejibiwa zamani. Qur'ani huitaja kamari pamoja na ulevi, na katika Sura ya Al-Baqara yakiri kwamba yamo manufaa kwa watu katika mambo hayo mawili, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Wahubiri wa Kikristo nao wamekwisha kuikemea. Swali langu ni jingine: mzee achezapo kamari mpaka ikamshinda, kosa ni nini hasa, na ni la nani?

Swali hili nalipeleka Kalangalala, kata mojawapo ya mji wa Geita, kwa sababu sijui mahali ambapo ni gumu zaidi. Ardhi ya huko ilijulikana kuwa na dhahabu tangu mwisho wa karne ya 19, wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mgodi mkubwa ulifunguliwa, ukafanya kazi mpaka mwaka 1966 ulipofungwa. Mwaka 2000 mgodi mpya ukaanza kutoa dhahabu, nao hauna haja ya kuelezwa. Kando ya migodi hiyo mikubwa wamekuwapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na penginepo. Hao huingia katika maduara kwa kamba, hubeba mawe kwa mifuko, huyasaga katika karasha, na huikamata dhahabu kwa zebaki. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, na mwezi wa Machi mwaka 2019 likafunguliwa mjini humo soko la madini lililokuwa la kwanza nchini.

Mtu aliyezeeka katika nchi ya namna hii ameishi na bahati kama jirani. Amemwona mtu akishuka duarani maskini, na baada ya siku chache akajenga nyumba ya bati. Amemwona mwingine akishuka miaka ishirini, akatoka na kikohozi tu. Hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini mawe ya mmoja yalikuwa na dhahabu na ya mwenziwe yalikuwa mawe matupu, hali maduara yao yalikaribiana kwa hatua kumi. Neno bahati kwake si neno la mchezo. Ni neno la kazi, kama sururu.

Tumfikirie, basi, mzee mmoja wa mji huo. Sina mtu fulani akilini, na msomaji asimtafute, maana ni wengi waliokusanywa wakafanywa mmoja. Ana miaka sitini na saba. Alichimba ujanani, akalima pamba kidogo, kisha akaajiriwa ulinzi mpaka alipostaafu na kulipwa mafao yake. Mkewe amekufa. Wanawe wako Mwanza na Kahama. Humpigia simu Jumapili, na mwisho wa mwezi humtumia fedha kwa simu ile ile. Asubuhi hunywa chai, hufagia ua, husikiliza redio. Saa nne huvaa kofia yake akaenda barabarani, na katika kibanda kimoja hukaa mbele ya mashine ambayo watu huiita dubwi. Huitia sarafu. Taa huzunguka, sarafu huliwa. Mara moja moja mashine hutapika sarafu nyingi kwa kelele, na watu wote kibandani hugeuka kumtazama. Jioni vijana humsaidia kuandika mkeka wa mechi za Ulaya, za timu ambazo hata majina yake hawezi kuyatamka sawasawa. Mwanzo alicheza kwa fedha ya soda. Baadaye ikawa fedha ya mboga, kisha fedha ya dawa ya shinikizo la damu, na sasa mafao yamekwisha bila ya mtu yeyote kujua, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Siku habari ipatikanapo, wanawe hufunga safari. Hukaa naye sebuleni, humwamkia kwa heshima, na baada ya chakula mkubwa wao husema neno. Mzee huyasikiliza yote akiwa kimya, kisha hujibu. Napenda kumpa nafasi ajibu, maana katika maandishi mengi juu ya kamari mchezaji hasemi neno, husemwa tu.

“Wanangu,” husema, “mmenisomea hesabu ya fedha niliyopoteza. Hamkunisomea hesabu ya fedha niliyopoteza katika duara, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Niliuza ng'ombe wa baba yangu nikanunua kamba, magogo na chakula cha wachimbaji, na duara likajaa maji. Siku ile watu waliniambia pole kwa kazi. Leo nimetia sarafu katika mashine nikakosa, mwaniambia nina tamaa. Nionyesheni tofauti. La pili, fedha ile ilikuwa yangu. Niliilinda milango ya watu usiku miaka kumi na tisa nikaipata. Mimi si mtoto. La tatu, niambieni, nikiacha kwenda kule kibandani, niende wapi?”

Hizi ni hoja tatu, na hakuna iliyo ya kipumbavu. Yafaa kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ndiyo yenye falsafa zaidi. Ni kweli kwamba mchimbaji na mcheza kamari wote wawili hutoa walicho nacho kwa ajili ya wasichokiona. Lakini tutazame ile wanayoitafuta inatoka wapi. Mwezi wa Juni mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni saba, na nchi nzima ikafurahi naye. Kwa nini tulifurahi? Kwa sababu mawe yale hayakutoka katika mfuko wa mtu. Yalikuwa ardhini kabla ya babu zake, na kama asingaliyatoa yangalikaa humo. Ushindi wake haukuhitaji kushindwa kwa jirani. Dubwi halina dhahabu ndani yake. Lina sarafu za wenzake mzee, wale wale wanaokaa naye kibandani, na zile zilizotiwa naye jana. Anaposhinda, ameshinda fedha ya dawa ya mzee mwingine. Hapo bahati haitoi kitu duniani. Huhamisha tu, na katika kuhamisha hukata fungu la mwenye mashine.

Fungu hilo halitegemei bahati hata kidogo. Elimu ya kupima uwezekano ilipata msukumo wake mkubwa mwaka 1654, wakati Pascal na Fermat, wataalamu wawili wa Ufaransa, walipoandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari. Tangu hapo mwenye nyumba ya kamari aweza kujua kwa hesabu kile ambacho mchezaji hukiita kudura. Tuseme mashine hurudisha shilingi tisini katika kila mia. Tisini kwa mia yaonekana ukarimu. Lakini mchezaji haondoki na zile tisini, huzirudisha ndani. Aliyeanza na shilingi 100,000 na kuzizungusha zote mara kumi hubakiwa, kwa wastani, na shilingi 35,000 hivi. Akizungusha mara ishirini hubakiwa na 12,000. Mmoja wa wawili wanaotazamana hapo, mtu na mashine, hachezi kamari, na mmoja huyo si mtu.

Iko tofauti nyingine. Duara lina jioni. Mikono huchoka, taa huzimika, hewa huwa nzito, na mwili humwambia mtu apande juu. Katika duara mna wenzi pia: mmoja hushika kamba, mwingine huchimba, mwingine hupokea mfuko, na mawe yakitoka hugawanywa kwa mafungu yajulikanayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wote huinama pamoja. Dubwi halina jioni wala halichoki. Simu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hulala na mtu kitandani, na fedha iliyotumwa na mtoto saa tatu usiku yaweza kwisha saa nne bila ya mzee kuinuka.

Hata hivyo nitakuwa mdhalimu nikiusifu uchimbaji kana kwamba hauna ila. Ibada ya bahati haikuanza na mashine. Tangu mwaka 2007 hivi nchi yetu iliaibika mbele ya dunia kwa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga waliwaaminisha wachimbaji, wavuvi na wengineo kuwa viungo vya binadamu huyo huleta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilipokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mtoto wa namna hiyo. Sisemi kwamba mzee wa dubwi ni ndugu wa wauaji hao. Hana damu ya mtu mkononi. Nasema kwamba katika mambo yote mawili limo kosa moja la akili, nalo ni kudhani kuwa bahati ni mnyama awezaye kunaswa na mtu ajuaye mtego. Mzee huyo hasemi kuwa amepoteza. Husema kuwa amekaribia. Picha mbili zilifanana, ya tatu ikapita kwa unywele. Kwa hesabu, kukaribia na kuwa mbali ni kitu kimoja, lakini kwa moyo si kitu kimoja, na watengenezaji wa mashine wanaujua moyo huo vizuri.

Basi hoja ya kwanza nimeijibu hivi: bahati si kosa, bali iko bahati ambayo hutaka kitu kwa mtu, yaani jasho lake, ujuzi wake na wenzi wake; na iko bahati ambayo haitaki kwake kitu chochote ila fedha. Ile ya kwanza yaweza kumfilisi mtu ikamwacha mtu. Ya pili humfilisi hata ashindapo, maana humfundisha kwamba haikuwa lazima yeye awe na sifa yoyote.

Hoja ya pili yasema: mali ni yangu. Hapa napenda kuwaambia wana neno kabla ya kumwambia baba. Wengi wanaolia kwa sababu ya kamari ya mzee hulilia urithi. Kama mzee yule angaliila fedha yake kwa nyama na nguo nzuri, wangalinung'unika vile vile, ila wangalikosa neno la dini la kufunikia manung'uniko yao. Mzee hana deni la kuwaachia wanawe utajiri. Uhuru haustaafu mtu afikapo miaka sitini, na aibu ya kumnyang'anya mtu mzima kadi yake ya benki si ndogo kuliko aibu ya kamari.

Lakini uhuru wataka mtu aliye huru. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiandika kamari iliyopita kiasi katika kitabu chake cha maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 kikaiweka fungu moja na uraibu wa vileo na dawa za kulevya. Kwa wazee iko sababu ya ziada ambayo watu wachache huijua. Baadhi ya dawa zitumiwazo kutuliza ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka ambao aghalabu huwapata watu wazima, zimethibitika kuwasha kwa baadhi ya wagonjwa hamu ya kamari isiyozuilika, hata kwa mtu ambaye hakucheza maisha yake yote. Ukimhukumu mzee wa namna hiyo kwa tamaa, umeihukumu dawa yake. Mtu asemapo “nataka,” yafaa kuuliza kwa upole ni nani asemaye ndani yake: ni yeye, ni maradhi, ama ni mashine iliyomfundisha?

Serikali nayo yahusika. Mwaka 2003 nchi yetu ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ikaunda bodi ya kuisimamia na kumkataza aliye chini ya miaka 18 asicheze. Mwaka huo huo wa 2003 ikatolewa Sera ya Taifa ya Wazee, iliyowatambua watu wa miaka 60 na kuendelea kuwa kundi lenye haki ya kutunzwa na kushirikishwa. Hati mbili hizi zilizaliwa pamoja kama pacha, lakini mzee wetu hukutana na ile ya kwanza kila siku barabarani, na ile ya pili huisikia katika hotuba. Sidai kwamba mlango wa kamari ufungwe kwa wazee kama ulivyofungwa kwa watoto. Huko kungekuwa kuwafanya watoto. Nadai tu tukumbuke kwamba mtoto hulindwa kwa sababu ana muda mrefu wa kuharibiwa, na mzee hustahili kuangaliwa kwa sababu hana muda wa kutengeneza. Kijana aliyepoteza mshahara aweza kuupata tena. Mzee aliyepoteza mafao hawezi kurudi getini akalinda miaka mingine kumi na tisa.

Sasa imebaki hoja ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Niende wapi?

Methali yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu mwenyewe avunjikapo guu, nani atasema naye? Adabu yetu ina maneno mengi ya mkubwa kumwonya mdogo, na maneno machache sana ya mdogo kumwonya mkubwa. Kwa hiyo sisi hunyamaza, na ukimya wetu twauita heshima. Kwa kweli sehemu ya heshima hiyo ni uvivu. Twamwamkia mzee shikamoo, twampisha kiti, twamwekea kipande kizuri cha nyama, na hatumwulizi neno lolote ambalo jibu lake litatubadilisha. Zamani aliulizwa mpaka wa shamba uko wapi, mchumba yule ni wa ukoo gani, mvua hii ni ya kupandia ama ya kudanganya. Leo mpaka hupimwa kwa mashine, mchumba hupatikana chuoni, na habari ya mvua huja kwa simu. Methali nyingine yasema penye wazee haliharibiki neno. Nasi tumehakikisha haliharibiki kwa kutowapelekea neno.

Kibandani, ijapokuwa ni pahali pa kumnyonya, mzee huulizwa. “Babu, leo wasemaje, tumpe nani ushindi?” Mashine nayo, kwa taa zake, humngojea yeye aamue. Ni uongo, lakini ni uongo unaomtazama usoni. Ukweli wetu haukumtazama. Nasadiki kwamba wazee wengi hawafuati fedha kule. Hufuata ile nukta moja ya siku ambayo neno lao, au kidole chao, huonekana kutenda jambo.

Ikiwa ni hivyo, dawa si mahubiri peke yake. Watu wetu hawakuwa wageni wa bahati, na walijua kuifunga kamba. Tuangalie upatu wa kina mama. Humo pia mna fedha, mna kura, mna roho kudunda siku ya kuvuta. Lakini kura huamua nani atangulie, haiamui nani akose. Kila mmoja atapata zamu yake, na asipofika mkutanoni wenzake humwendea nyumbani kuuliza kama ni mgonjwa. Tuangalie na bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Humo hamna bahati hata chembe. Kete zote ziko wazi, na mzee wa miaka themanini aweza kumnyoa kijana mbele ya watu kwa akili tupu. Upatu una bahati isiyo na mhanga. Bao lina ushindani usio na bahati. Vyote viwili vina kitu ambacho dubwi halina: mtu wa pili.

Sidhani kwamba kumpelekea mzee ubao wa bao kutamtoa kibandani kesho. Aliyeshikwa na uraibu huhitaji daktari, huhitaji mtu wa kumshikia fedha kwa ridhaa yake mwenyewe, na huhitaji muda. Tena wako ambao hawatatoka. Ila nadhani wana wale waliofunga safari kutoka Mwanza na Kahama walikosea mwanzo wa mazungumzo. Walianza na hesabu ya fedha. Ingaliwafaa kuanza na swali ambalo wao hawana jibu lake na baba yao analo, wakangoja ajibu mpaka mwisho, wakarudi mwezi ujao kwa jingine.

Basi kosa ni la nani? Liko fungu la mzee, maana ana akili na alijua kwamba fedha ya dawa si fedha ya mchezo. Kumwondolea fungu hilo ni kumwondolea utu wake. Liko fungu la mwenye mashine, ajuaye hesabu ambayo mteja wake haijui. Fungu lililobaki ni letu, na silo dogo. Mzee yule alipoitupa methali ya kwanza, ile isemayo kuwa bahati ni chudi, hakuitupa kwa kiburi. Aliitupa siku alipoona kuwa hapana mtu tena aihitajiye juhudi yake.